Noti Haina Pepo: Pesa ya Mkimbizi Inauawa na Watu

GOMA – Mama mmoja aliyekimbia vita kutoka Masisi alifika asubuhi kwenye meza za wabadilishaji pesa, wale wanaoitwa makambiste, pale Birere. Mkononi alikuwa na noti moja ya dola 20. Mtoto wa dada yake anayefanya kazi Kampala ndiye aliyemtumia. Mama alikuwa ameishona ndani ya pindo la kitenge, akatembea nayo, akanyeshewa nayo, akalala juu yake. Alipoitoa, mkunjo wa katikati ulikuwa umeachana kidogo, kama urefu wa punje ya mchele.

Kambiste wa kwanza aliishika kwa vidole viwili, akaiinua kwenye mwanga, akairudisha. "Mama, hii imekufa." Wa pili hakutaka hata kuigusa. Alisema noti ya namna hiyo ikiingia mezani asubuhi inaleta mkosi, wateja hawaji mpaka jioni. Wa tatu aliitazama kwa muda, akasema atamsaidia mama kwa sababu ya huruma tu: atampa franga zenye thamani ya dola 13. Mama akapokea. Watoto walikuwa wanangoja bugali. Ile noti iliyokufa ikaingia mfukoni mwa yule mwenye huruma.

Swali ni moja, na mtoto wa shule ya msingi anaweza kuliuliza: kama noti imekufa, kwa nini inanunuliwa?

Waswahili husema kufa kufaana. Katika masoko ya Goma, Bukavu, Butembo na Uvira methali hiyo imepata kazi mpya. Noti za maskini zinatangazwa kuwa maiti, kisha mtu ananunua maiti hizo kwa bei ya chini na kuzifufua kabla jua halijatua. Na ili watu wasiulize sana, biashara hiyo imevikwa nguo ya imani. Noti ya zamani ina mkosi. Noti iliyochanika ina roho mbaya. Dola yenye kichwa kidogo imelaaniwa. Noti iliyookotwa ni mtego wa walozi. Anayesikia hayo anaogopa, na mtu mwenye hofu hajadili bei.

Hadithi zinazotembea sokoni

Hadithi hizi zinajulikana na kila mkaaji. Kuna ile ya noti ya barabarani: kijana ameokota franga 500, ameitia mfukoni, amegeuka mbuzi, au nyoka, au kiazi, na mtu asiyejulikana amemchukua kwenye gari. Kila mji una hadithi hiyo, na kila anayeisimulia aliisikia kwa mtu aliyeisikia kwa mtu mwingine.

Kuna ile ya noti inayomeza. Muuzaji anapokea noti chakavu kwa mteja asiyemfahamu. Jioni anahesabu mauzo, anakuta yamepungua. Basi anasema noti ile imevuta wenzake na kurudi nao kwa mwenyewe. Ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, Watanzania wana jina lake, chuma ulete, na wafanyabiashara wanaovuka maji wanabeba hadithi hiyo pamoja na magunia yao.

Kuna ile ya namba. Mtu anasoma namba iliyochapwa kwenye noti, anajumlisha hapa, anatoa pale, mpaka apate 666. Na kuna ile ya sanduku la Mobutu: kwamba noti za zaire zilizobaki katika nyumba za wazee zinatafutwa na Wazungu kwa mamilioni ya dola, kwa sababu ndani yake kuna zebaki, au dhahabu, au nguvu za marehemu rais mwenyewe.

Watu wengi hucheka wakisimulia hayo. Lakini wakimaliza kucheka, wanaikataa noti ya jirani.

Hofu hii ilizaliwa wapi

Wazee wanaoogopa karatasi ya zamani wasidharauliwe. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka, na wazee wa nchi hii waliumwa mara nyingi.

Mwaka 1967 serikali ya Mobutu ilileta pesa mpya, zaire. Zaire 1 ilichukua nafasi ya franga 1,000 za wakati ule, na ilikuwa na thamani ya dola 2 za Marekani. Iligawanywa kwa makuta 100, ndiyo maana mpaka leo watu wengi wa Kongo huita pesa makuta. Mkulima aliyeuza kahawa yake na kuficha zaire 100 chini ya kitanda alikuwa ameficha dola 200.

Desemba 1979 likaja tangazo: noti za zaire 5 na zaire 10 hazina kazi tena. Watu walipewa siku chache tu za kuzibadilisha, na kiasi cha kubadilisha kiliwekewa mpaka. Aliyekuwa karibu na benki, na aliyekuwa na rafiki ndani ya benki, aliokoa sehemu. Aliyekuwa kijijini, siku mbili kwa miguu kutoka mjini, alibaki na karatasi za kuwashia moto. Wazee waliozika pesa ndani ya chungu walifukua chungu na kukuta noti nzima, safi, zenye picha na namba zote, ila hazinunui hata chumvi. Mtu aliyeona jambo kama hilo atashindwaje kusema ni ulozi?

Kisha ikaja noti ya zaire milioni 5, mwishoni mwa mwaka 1992. Waziri Mkuu Étienne Tshisekedi aliikataa na kusema si halali. Mobutu akalipa nayo askari wake. Askari wakaenda sokoni, wauzaji wakakataa kuipokea. Mwishoni mwa Januari 1993 askari wenye hasira walipora Kinshasa, watu wengi wakauawa, na balozi wa Ufaransa, Philippe Bernard, akapigwa risasi akafa.

Mwaka huohuo, mwezi wa Oktoba, serikali ikaleta zaire mpya. Moja ilichukua nafasi ya zaire milioni 3 za zamani. Watu wa Kasai wakakataa. Waliendelea kununua na kuuza kwa noti za zamani, zile ambazo Kinshasa ilikuwa imesema zimekwisha, na kwa miaka kadhaa soko lao lilitembea. Kisha, katika miezi ya mwisho ya utawala wa Mobutu, zilitoka noti kubwakubwa ambazo watu wa Kinshasa walizipa jina la prostate, kwa ugonjwa uliokuwa ukimsumbua rais. Mobutu aliondoka Mei 1997. Tarehe 30 Juni 1998 ikaja franga ya Kongo, na franga 1 ilichukua nafasi ya zaire mpya 100,000.

Basi, katika maisha ya mtu mmoja, pesa ilikufa mara nne au tano. Hofu ya wazee ni kumbukumbu ya kweli. Ila kumbukumbu hiyo imesahau jambo moja, na jambo hilo ndilo kiini cha habari hii yote.

Hakuna hata mara moja ambapo noti ilikufa kwa sababu ya mkunjo. Haikufa kwa kunyeshewa, wala kwa kuzeeka, wala kwa kuguswa na mtu mwenye mkosi. Mwaka 1979 iliuawa na amri ya serikali, ikasomwa redioni, kila mtu akasikia. Mwaka 1993 iliuawa na mikono ya wauzaji walioikataa pamoja. Na kule Kasai noti iliyohukumiwa kufa iliendelea kuishi kwa sababu muuza mihogo aliipokea, akijua muuza mafuta naye ataipokea. Noti inaishi mtu wa pili anapoikubali kutoka kwa wa kwanza. Akiikataa, amefanya hivyo yeye mwenyewe kwa akili yake. Asimsingizie pepo.

Sanduku la babu

Kwa kuwa hadithi ya sanduku la Mobutu inawaumiza watu mpaka leo, inafaa kuhesabiwa kwa kalamu.

Familia inarudi kijijini baada ya vita, inakuta nyumba imebomoka, lakini chini ya ukuta kuna bati lenye noti za zaire. Habari inasambaa. Baada ya siku mbili anakuja bwana mwenye viatu vinavyong'aa. Anasema anamjua mnunuzi, yuko Kampala au Bujumbura. Mnunuzi atatoa dola 100,000. Lakini kwanza noti zinapaswa "kusafishwa", na dawa ya kusafishia ni dola 50. Wiki inayofuata kuna dola 80 za karatasi za mpaka. Kisha mbuzi mweupe kwa ajili ya wazee waliolinda sanduku. Familia inauza bati la paa, inauza shamba, inakopa. Bwana mwenye viatu haonekani tena.

Sasa hesabu. Franga 1 ya Kongo ilichukua nafasi ya zaire mpya 100,000. Zaire mpya 1 ilichukua nafasi ya zaire za zamani milioni 3. Maana yake, kwa viwango hivyo viwili, franga 1 ni sawa na zaire za zamani bilioni 300. Kwa noti za milioni 5, hizo ni noti 60,000. Kwa hesabu hiyo, bati zima la noti hizo, lililojaa mpaka juu, halikufikia franga moja. Na muda wa kuzibadilisha benki ulipita zamani sana.

Wapo watu duniani wanaokusanya noti za zamani kwa kupenda historia, kama wengine wanavyokusanya stempu. Lakini wao hulipa vizuri kwa kitu kilicho adimu, na noti za miaka ya mwisho ya Mobutu hazikuwa adimu hata kidogo: serikali ilizichapa kwa wingi mpaka zikapoteza thamani. Kampuni ya Giesecke & Devrient ya Munich, Ujerumani, ni mojawapo ya zilizochapa noti za zaire. Ilitumia wino na mashine. Zebaki haikuwamo, dhahabu haikuwamo, na picha ya Mobutu mwenye kofia ya ngozi ya chui ilibaki picha tu.

Familia iliyo na bati kama hilo ilitunze kwa ajili ya wajukuu, iwaonyeshe jinsi nchi ilivyoliwa. Na mtu yeyote anayetaka alipwe kwanza ndipo amlete mnunuzi, huyo ndiye mwizi. Mnunuzi wa kweli hutoa pesa, haombi.

Dola yenye kidonda

Jambo la dola ni la kushangaza zaidi. Kwa miaka mingi wakaaji wa Kongo wamepokea franga nyeusi kama makala, iliyounganishwa kwa gundi na karatasi ya daftari, bila maneno. Lakini dola yenye tundu la sindano inarudishwa. Dola yenye alama ya kalamu inarudishwa. Dola ya mwaka wa zamani, ile yenye kichwa kidogo, inatazamwa kama nyoka.

Wenye dola yao wanasema nini? Serikali ya Marekani inasema wazi kwamba noti zake zote zilizotolewa tangu mwaka 1861 bado ni halali, ziwe za kichwa kidogo au kikubwa. Picha ilikuzwa kwenye noti ya 100 mwaka 1996, na noti ya 100 yenye utepe wa bluu ikaanza kutumika mwaka 2013. Kila noti mpya ilipotoka, ile ya zamani haikufutwa. Na noti iliyoharibika, kama imebaki zaidi ya nusu na inatambulika, ofisi ya serikali huko Washington huipokea na kulipa thamani yake yote. Tena karatasi ya dola si karatasi ya daftari. Imetengenezwa kwa pamba 75% na kitani 25%. Ni karibu na nguo. Ndiyo maana ile ya mama wa Masisi ilivumilia mvua na jasho ikabaki na sura yake.

Makambiste wana jibu lao, na ni haki lisikilizwe. Wanasema: kuna noti bandia, na zile za zamani ni rahisi kuigiza. Hilo ni kweli. Katika miaka ya 1990 kulikuwa na dola 100 za bandia zilizotengenezwa kwa ustadi mkubwa, na hofu ya vichwa vidogo ilipata nguvu hapo. Wanasema pia: mwenye duka kubwa hapokei noti iliyochanika, na mimi nikiipokea itanifia mkononi. Hilo nalo ni kweli siku nyingine.

Lakini hofu ya bandia inajibiwa kwa kuichunguza noti: kuipapasa, kuitazama kwenye mwanga, kutafuta uzi na picha iliyofichwa ndani. Kambiste anayekaa mezani miaka kumi anajua kazi hiyo kuliko mtu yeyote. Akiisha kuichunguza na kuona ni ya kweli, kidonda kidogo hakiwezi kuigeuza kuwa bandia. Na kama kweli anapata hasara ya kuitafutia mahali pa kwenda, basi aandike gharama yake kwenye kibao, ijulikane, iwe ndogo, iwe sawa kwa tajiri na kwa mkimbizi. Kukata dola 7 katika dola 20 si gharama ya safari. Hiyo ni zaidi ya theluthi ya noti, na inachukuliwa kwa yule ambaye hana meza nyingine ya kwenda. Mfanyabiashara mwenye gari akileta noti yenye kidonda hichohicho ndani ya bunda la dola 5,000, mara nyingi bunda linahesabiwa na chai inaletwa. Mkosi unajua kuchagua watu.

Franga iliyochoka

Tangu mwisho wa Januari 2025, vita vilipoingia Goma, benki zilifunga milango. Februari ikawa zamu ya Bukavu. Mwezi huohuo kambi nyingi zilizokuwa pembeni ya Goma ziliondolewa, familia zikatawanyika, wengine wakarudi kwenye mashamba yaliyoota majani, wengine wakaomba chumba kwa ndugu. Pesa taslimu ikawa ngumu kuliko maji.

Benki zikifungwa, noti chakavu haina pa kwenda. Siku za kawaida inarudi benki, inachomwa au kukatwa, inatolewa nyingine. Wakati huu ilibaki mikononi. Noti ya 100, ya 200, ya 500 ilitoka kwa muuza sambaza ikaenda kwa muuza makala, ikaenda kwa mwenye chukudu, ikarudi kwa muuza sambaza. Tembo wa noti ya 100 akawa kivuli. Wachimba almasi wa noti ya 500 hawaonekani tena. Na wakati ambapo wakaaji walipaswa kukubaliana kuzivumilia noti hizo mpaka mambo yatengemae, hadithi za mkosi zikapata nguvu. Hata franga, ambayo zamani ilipokelewa ikiwa vipande viwili, ikaanza kukataliwa.

Anayeumia kwanza anajulikana. Mwenye pesa nyingi huzihifadhi katika simu au ng'ambo ya mpaka. Noti ndogo chakavu ni pesa ya mama anayenunua chumvi kwa kijiko na mafuta kwa kikombe. Noti yake ya 500 ikikataliwa, siku hiyo sombe inapikwa bila mafuta.

Kutoka kwa noti hadi kwa mtoto

Kuna madhara mengine makubwa kuliko bei. Mtoto wa wakimbizi anatumwa butikini na noti chakavu. Mwenye butiki anairudisha na kusema mbele ya watu: noti hii inameza, nani amekutuma? Watu wanageuka. Mtoto hana jibu, analia. Mmoja anasema hawa waliokuja na vita wamekuja na mambo yao. Kutoka "noti yako ni mbaya" hadi "wewe ni mlozi" ni hatua moja, na katika Kongo hatua hiyo imewafikisha watoto wengi barabarani, imewafikisha wajane kwenye mawe na petroli ya umati wenye hasira. Anayecheza na maneno hayo juu ya noti ya 200 ajue anachocheza nacho.

Mauzo yaliyopungua jioni yana maelezo yasiyohitaji mlozi. Mwenye butiki ametoa deni kwa watu watano na hakuandika. Ametoa chenji mara mbili. Amekula mkate na soda kutoka kwenye rafu yake. Amenunua unga kwa dola na kuuza kwa franga, wakati dola imepanda. Daftari la franga 1,000 lingemwonyesha mwizi wake wiki moja tu. Lakini daftari lingemwonyesha kwamba mwizi ni yeye mwenyewe, kwa hiyo ni rahisi zaidi kumwonyesha kidole mtoto wa watu.

Na noti ya barabarani? Aliyeiangusha ni mtu aliyepoteza chakula cha jioni. Aliyeiokota aulize kwa sauti nani amepoteza. Kama hakuna anayejibu, noti haitamgeuza kiazi.

Kinachowezekana sokoni

Kuna mambo yanayowezekana bila kungoja Kinshasa wala mazungumzo ya amani.

Kamati ya kila soko inaweza kukaa siku moja na makambiste na wenye butiki, ikakubaliana juu ya kanuni fupi na kuibandika mlangoni: franga yenye zaidi ya nusu na namba zote mbili zinazosomeka inapokelewa kwa thamani yake yote, hata kama imeunganishwa. Dola iliyochunguzwa ikaonekana ni ya kweli inapokelewa, na gharama ya noti iliyochanika, kama ipo, inaandikwa na haizidi kiwango kilichokubaliwa. Kasai walifanya jambo gumu kuliko hilo, tena dhidi ya rais mwenye jeshi.

Mashirika ya kiutu yanayogawa pesa kwa familia za wakimbizi yana kazi yao pia. Kumpa mama noti moja kubwa, au noti ambayo mshirika aliipokea bila kuitazama, ni kumpeleka moja kwa moja kwa kambiste wa tatu. Wagawe noti safi na ndogo, na wapokee malalamiko siku hiyohiyo.

Wahubiri wanaosoma 666 kwenye noti watazame kwanza sahani ya sadaka. Hakuna sahani iliyowahi kurudisha noti kwa sababu ya namba yake.

Na familia zenyewe zisiuze kwa hofu. Noti isishonwe ndani ya pindo ikiwa imekunjwa mara nne. Ilazwe ndani ya mfuko mdogo wa plastiki, ikunjwe mara moja tu. Isiandikwe kwa kalamu, isichomwe pini. Mtu akisema imekufa, aulizwe maswali matatu: nani ametangaza, lini, na wapi? Noti za nchi hii zilipofutwa kwa amri, tangazo lilitoka kwa wakubwa na kusomwa redioni. Kwa franga, mwenye haki ya kutangaza ni Banki Kuu. Kwa dola, ni serikali ya Marekani, nayo haijafuta noti yoyote tangu 1861. Kambiste wa Birere hayumo katika orodha hiyo.

Basi mama wa Masisi atakaporudi na noti nyingine, na akaambiwa tena "hii imekufa", asiondoke kimya. Amwite mjumbe wa kamati ya soko, na kambiste aonyeshe tangazo la kifo mbele ya watu wote. Akikosa tangazo, alipe noti hiyo kwa bei ya siku, kama anavyomlipa mwenye gari.